Usikikimbize Gizani

Nimelisema mara nyingi, nalirudia: kiinitete cha samaki kilichopigwa na urujuanimno, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, usikifungie gizani.

Kila mwaka nawafanyia wanafunzi jaribio lilelile. Tunachukua mayai ya samaki pundamilia ya siku moja na nusu. Yai ni angavu kama tone la maji. Chini ya hadubini unauona moyo ukidunda na mkia ukifurukuta. Tunayagawa katika visahani viwili, tunayamulika kwa taa ileile ya UV-B, aina ya urujuanimno, dakika zilezile. Kisahani kimoja tunakifunga kwa foili, kingine tunakiacha chini ya taa ya kawaida. Nawauliza: kesho wazima watakuwa wapi? Karibu wote wanaonyesha foili. Asubuhi tunaifungua. Mikia imepinda, vifuko vya moyo vimevimba maji, wengine wamekuwa weupe, wamekufa. Waliolala kwenye mwanga, wengi bado wanafurukuta.

Hapo ndipo wanaanza kunisikiliza. UV-B inazibandika pamoja herufi mbili jirani za DNA, maandishi ya urithi ndani ya seli, mara nyingi T na T. Seli ikiyanakili maandishi hayo, inakwama penye fundo hilo. Samaki ana kimeng'enya, yaani protini ya kufanya kazi ndani ya seli, kiitwacho fotolaesi, kinachoshika fundo na kungoja mwanga, hasa wa buluu. Kikiupata, kinalifungua palepale, hakikati chochote. Kikiukosa, kinabaki kimelishika tu.

Mtaniambia buluu na urujuanimno vyote vinatoka kwenye jua moja. Ndiyo, na maji na mafuriko vyote vinatoka kwenye mvua moja! Tusiseme "mwanga ni mwanga". Mwanabiolojia Albert Kelner alilionyesha hili mwaka 1949, akiwa na bakteria wa udongo waliopigwa na urujuanimno: alidhani joto ndilo linalowafufua, kumbe ni mwanga.

Mwingine ataniuliza kuhusu ngozi yake. Ngozi yako haina fotolaesi. Sisi mamalia wenye kondo la nyuma tuliipoteza. Jamaa za kangaruu wanayo bado. Kwa hiyo ushauri wa daktari wa ngozi, wa kukwepa jua, usimpelekee samaki.

Nendeni Somalia, chini ya jangwa, kwenye mapango anakoishi samaki aitwaye Phreatichthys andruzzii. Hana macho, hana magamba, ukoo wake umekaa gizani mamilioni ya miaka. Mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa amepoteza uwezo huu wa kujitengeneza kwa mwanga. Huyo giza ni kwao. Sato wako si wa pangoni.

Iko njia ya pili, ya kukata kipande kibovu na kukijaza upya, hata sisi tunayo, na gizani inafanya kazi. Kwa mafundo haya ni ya polepole. Nairuka, muda unakwisha.

Wenye vituo vya vifaranga: wavu wa kivuli juu ya bwawa, sawa. Mayai yakishachomwa na jua mchana kutwa, ukiyafunika na turubai jeusi, umeyanyima dawa.