John Grisham: mwisho kwanza, mwanzo baadaye

Ndugu wasikilizaji, John Grisham, mwandishi Mmarekani wa riwaya za kusisimua za mahakamani, anasifiwa kwa kipaji. Kipaji anacho, lakini kilichombeba zaidi, kwa maoni yangu, ni utaratibu.

Alizaliwa mwaka 1955 Jonesboro, Arkansas. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1981, akawa wakili katika mji wa Southaven, na miaka miwili baadaye akachaguliwa kuingia bunge la jimbo la Mississippi. Mwaka 1984, katika mahakama ya Hernando, alimsikia binti wa miaka 12 akitoa ushahidi wa kubakwa. Akajiuliza: je, baba yake angewaua waliomtenda? Swali hilo likazaa riwaya A Time to Kill. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaandika kabla ya kwenda kazini, kwa miaka mitatu. Wachapishaji wengi waliukataa mswada. Mwishowe Wynwood Press ikachapa nakala 5,000, na 1,000 kati yake alizinunua mwenyewe.

Angeweza kukaa kusubiri soko. Hakusubiri: kesho yake baada ya kumaliza kitabu hicho alianza The Firm. Kampuni ya filamu ya Paramount ilinunua haki za filamu kwa dola 600,000, na ndipo kampuni ya uchapishaji ya Doubleday ikakitaka kitabu. Kilitoka mwaka 1991, kikakaa wiki 47 katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times.

Tazameni kilivyoundwa. Wakili kijana anapewa mshahara mnono, gari na nyumba, kisha anagundua ofisi yake inawatumikia mafia. Akikaa kimya, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, watamfunga. Akitoa siri za wateja, atapoteza leseni, na huenda uhai. Milango yote miwili imefungwa mapema, kwa hiyo kila sura inamsukuma kutafuta wa tatu. Hapa ndipo miswada mingi ya kusisimua huharibika: mwandishi anamwachia mhusika njia rahisi, kisha analazimika kumfanya mjinga asiione.

Kinga ya Grisham ni mpango. Hufupisha hadithi sura kwa sura kabla ya kuandika, na haandiki tukio la kwanza mpaka alijue la mwisho. Anashauri ukurasa mmoja kwa siku, mahali palepale, saa ileile. Anakataza kumrundikia msomaji wahusika 20 katika sura ya kwanza; majina matano yanatosha kuanzia. Na kila sentensi isomwe mara tatu, ukitafuta neno la kukata.