Tajiri wa Riwaya Anauza Nini?

Ndugu zangu waandishi, hili nimelisema sana na leo nalirudia: katika riwaya zetu za mapenzi, tajiri hajulikani anauza nini. Ana gari, ana ofisi ghorofani, ana mshindani anayemchukia. Biashara yenyewe haionekani. Halafu katikati ya kitabu inaokotwa maiti, tunaambiwa fumbo ndilo hilo.

Twendeni Mtwara, msimu wa korosho. Tangu 2007 korosho za huko zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, unapimwa, unaingia ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani. Kwa miaka mingi bei ziliandikwa kwenye barua za siri, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa kwa sauti, wakakubali au wakagoma. Haya, wapenzi wawili, kila mmoja na kampuni yake, wote wametumbukiza barua. Mwanamke anashinda kwa shilingi tano kwa kilo. Shilingi tano! Aliichungulia bei usiku, mezani kwa mpenzi wake? Au kuna karani aliyeiuza? Hapo huwezi kumuuliza mtu habari ya mnada bila kumuuliza habari ya kitandani.

Mtaniambia msomaji wa mapenzi hataki habari za ghala. Si kweli! Msomaji huyo ana shangazi mwenye mikorosho, anajua kangomba, ile biashara ya walanguzi wanaonunua korosho kwa bei ya kutupa nje ya mnada, ilivyomnyonya. Mwaka 2018 wakulima walipogomea bei na Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakasomba mzigo, nani hakufuatilia?

Na ushahidi utoke humohumo. Korosho mbichi ikikauka ghalani hupungua uzito. Mtunza ghala mwizi anatoa magunia usiku, asubuhi anaandika “unyaufu”. Mhusika wako afungue daftari, aone mzigo uliopokelewa mkavu umenyauka kuliko ule uliopokelewa na unyevu. Mwizi kashikwa, na bastola haikuhitajika.

Naona naoneshwa saa. Kuhusu mapenzi yenyewe, neno moja tu: msiwapatanishe kwa kumwachisha mmoja kazi, maana kila mara anayeachishwa ni mwanamke. Mwacheni ashinde mnada, abaki na kampuni yake, na yule bwana ampende vilevile huku mzigo ameukosa. Hiyo ndiyo sura ngumu kuiandika, na ndiyo ninayoitaka. Wenye miswada, leteni hapa mbele tuifungue.