Mfupa Uliotoboa Ngozi: Maji Kwanza
(Mhadhara kwa wahudumu wa afya, Newala)

Ndugu zangu wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya Newala na Tandahimba, tuzungumzie mguu uliovunjika, mfupa ukatoboa ngozi. Huku wengi wanaoumia hivi ni watu wa bodaboda, na wengine wameanguka kutoka juu ya mwembe.

Kidonda hiki kinataka maji mengi kuliko dawa kali. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti wa FLOW, uliofuatilia wagonjwa 2,447 waliovunjika hivi katika nchi tano, India ikiwemo. Wengine walioshwa kwa salaini, yaani maji ya chumvi ya dripu, wengine kwa maji ya sabuni. Na maji yenyewe yalirushwa kwa pampu au yaliachwa yatiririke kutoka mfuko ulioning'inizwa juu. Ndani ya miezi 12, waliorudishwa thieta, chumba cha upasuaji, walikuwa asilimia 11.6 kwa salaini na 14.8 kwa sabuni. Pampu haikuonyesha faida yoyote. Kwetu hii ni habari njema kabisa, maana dripu na msumari wa kuitundika tunavyo.

Katika utafiti huo, kwa kidonda kidogo thieta ilitumia angalau lita 3, kwa kikubwa lita 6. Ukihesabu kwa chupa za mililita 500, ni chupa 6 au 12. Najua juu ya uwanda huu maji ni taabu na mkono umezoea kubania, lakini hapa usibanie.

Zahanati kazi ni nyingine. Shika mapigo juu ya wayo, uliza kama vidole vinahisi. Toa mchanga na majani yanayoonekana, mwagia salaini, funika kwa gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, iliyoloweshwa salaini hiyohiyo, kisha usifungue tena hadi thieta. Kila anayefunua ili achungulie anaingiza vijidudu vipya. Funga banzi, ubao wa kutuliza mguu, lishike kifundo na goti kwa pamoja, halafu shika mapigo tena. Yakiwa yamepotea, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, legeza bandeji mara moja: msuli unavimba ndani na damu haipiti.

Haidrojeni peroksaidi na spiriti viacheni kabatini. Vinaua vijidudu, ndiyo, lakini vinaua pia chembe zinazojenga nyama mpya. Na tafadhali, msishone! Ngozi ikifungwa juu ya uchafu, bakteria wasiopenda hewa wanapata makao, na hapo ndipo gangrini ya gesi, kuoza kwa nyama kunakotoa gesi, inapoanzia. Mfupa unalishwa na utando wake na misuli iliyouzunguka. Nyama hiyo ikioza, mfupa unakufa, na usaha unaweza kutoka kwa miaka.

Antibayotiki ya mshipa itolewe ndani ya saa moja tangu ajali, mgonjwa akiwa bado kwenu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1974 uliona maambukizi kwa asilimia 13.9 ya wasiopewa dawa, na 2.3 tu kwa waliopewa sefalosporini. Kilichozidi kuokoa ni kuwahi, kwa hiyo gari la rufaa lisisubiriwe. Sindano ya pepopunda nayo itolewe hapohapo.

Kwenye barua ya rufaa andikeni saa ya ajali, saa ya sindano, jina la dawa na kipimo chake, na hali ya mapigo kabla na baada ya banzi. Daktari wa hospitali ya Ligula au Ndanda akikosa hayo, analazimika kufungua gozi ili aanze upya.