Taa ya Oili Isiyowaka

Shikamooni wakubwa, na wenzangu madereva, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie swali mnalouliza kila mara: sensa ya presha ya oili imekufa, je, naweza kuendelea kuendesha?

Sensa haisukumi oili, pampu ndiyo inayosukuma. Kwa hiyo sensa ikifa leo, injini iliyo nzima itazunguka kama ilivyozunguka jana. Lakini nani amehakikisha kwamba iliyokufa ni sensa, si pampu?

Kwenye gari nyingi za zamani tunazoendesha, hiki kidude ni swichi ya waya mmoja iliyofungwa kwenye bloku. Presha isipokuwepo inaunganisha waya na bodi, taa nyekundu inawaka. Presha ikifika kama baa 0.3 hivi, inakata, taa inazima. Hiyo ni presha ndogo mno! Maana yake taa ikiwaka kweli ukiwa barabarani, hali imeshaharibika zamani.

Swichi hii hufa kwa namna mbili. Kuna inayonasa ikiwa imeunganisha: taa haizimi, dereva anababaika, anakimbilia gereji. Huyo simhofii. Namhofia ambaye swichi yake haiunganishi tena, au waya umechomoka. Taa yake haiwaki kamwe, naye ana amani kabisa. Siku sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikigonga jiwe oili ikamwagika, hana wa kumwambia. Krankishafti, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, inaelea kwenye beringi zake juu ya utando mwembamba wa oili. Presha ikiisha, chuma kinasaga chuma, na dakika chache tu zinatosha injini kunoki.

Kupima ni bure. Washa swichi ya gari bila kupiga stata: taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, chomoa ule waya uuguse kwenye bloku. Ikiwaka, swichi ya oili ni mbovu. Isipowaka, tafuta kwenye waya au balbu. (Gari mpya zenye sensa ya waya tatu zinazosomwa na kompyuta, msizijaribu hivi.) Na ukienda kununua gari kwa mtu, tazama taa hiyo kabla hamjataja bei. Wapo wanaochomoa waya makusudi.

Sasa ile taa inayopepesa injini ikipata moto, gari ikiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, halafu ukikanyaga mafuta inazima. Fundi atakwambia, "Sensa hiyo, badilisha." Mara nyingi siyo. Oili ya moto imekuwa nyepesi na beringi zimelika, au chujio la ndani ya sampo limeziba kwa tope. Afungue swichi ya oili, afunge geji ya presha mahali pake, asome. Fundi asiye na geji anabahatisha.

Geji ikionyesha presha ipo, na swichi haivuji, endesha mpaka upate spea, ila pima oili kwa stiki kila asubuhi. Stiki inakuonyesha kiasi cha oili, haikuonyeshi presha. Taa ikiwaka na geji haijafungwa, zima injini, gari livutwe. Gharama ya kuvutwa inauma, najua.

Mzee wa pale nyuma ameuliza kama akiweka oili nzito taa itazima. Itazima, mzee wangu, kwa sababu oili nzito haipiti upesi kwenye nafasi zilizolika. Beringi zitaendelea kulika vilevile, na alfajiri ya baridi ya Njombe oili hiyo itachelewa kufika juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua vali.