Wadi Haiingiwi Ovyo: Mazungumzo Kuhusu Kutembea Katika Makorongo ya Omani

Assalamu alaykum wazee wangu, ndugu zangu na wanangu. Nawashukuru kwa kutualika mimi na mume wangu. Nafurahi hasa kuwaona vijana, maana ninayotaka kuyasema yanawahusu wao wanaotoka Maskati kila Ijumaa, gari zimejaa, kwenda kuogelea wadini, yaani kwenye mabonde ya milimani yanayopitisha maji ya mvua.

Tumekuwa tukitembea kwa miguu katika makorongo ya milima ya Hajar tangu watoto wetu wadogo. Watu hutuuliza habari za mandhari. Mandhari mtayaona kwa macho yenu. Mimi nitazungumzia maji, kwa sababu kila ukuta, kila njia na kila nyumba utakayoikuta mule imewekwa na maji, au imewekwa ili kuyakwepa.

Tuanze na Wadi Shab, kwa kuwa wengi wenu mshafika. Iko kiasi cha kilomita 150 kutoka Maskati, kwenye njia ya Sur. Unavushwa kwa mashua chini ya daraja la barabara kuu, kisha unapita kati ya mitende na migomba. Pembeni mwa njia pana mfereji mwembamba, maji yanakwenda taratibu hata hayasikiki. Hiyo ni falaji. Vijana huiruka tu, na wengine, Mungu awasamehe, huoshea miguu humo. Yale maji yana wenyewe. Falaji inayokinga maji yanayopita juu ya ardhi wadini huitwa ghaili. Inayoanzia kwenye chemchemi ni aini. Na daudi ni ile iliyochimbwa chini ya ardhi, wakati mwingine kilomita kadhaa, kutoka kwenye kisima mama. Kwa desturi kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamu hupimwa kwa athari, yaani nusu saa. Mchana walitazama kivuli cha mti uliosimikwa, usiku wakatazama nyota. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji 5 za Omani katika urithi wa dunia, Daris ya Nizwa ikiwa mojawapo. Lakini hata ile isiyo na kibao wala jina ni riziki ya mtu, basi tuiheshimu.

Ukitembea kiasi cha dakika 45 njia inakatika, unaogelea. Mwisho kabisa kuta zinakaribiana mpaka unabaki ufa wa kupitisha kichwa tu juu ya maji, na ukishapenya unajikuta ndani ya pango lenye maporomoko. Ni mahali pazuri mno. Mume wangu, kabla ya kuvua viatu, ana kawaida ya kusimama na kutazama kuta. Nami nimeishika kawaida hiyo. Utaona juu ya kichwa cha mtu mzima mstari ambapo rangi ya jiwe inabadilika, na kwenye nyufa utakuta makuti makavu, matete, pengine kipande cha mpira, vimebanwa hata kuvichomoa kwa mkono ni kazi. Hakuna mtu aliyepanda kuviweka pale. Maji yalifika pale.

Yalifikaje, na Maskati kwa mwaka mzima hupata mvua ya milimita 100 hivi tu? Sehemu kubwa ya milima hii ni jiwe la chokaa, tupu, udongo haba. Mvua ikipiga kule juu haina pa kunywea. Nyingi inateremka, kila kijito kinamwagia mwenzake, mpaka eneo kubwa la mlima linajikuta limeingia katika mlango wa mita chache. Wewe uko chini, mbingu ya samawati, jua kali. Mvua inayoua mtu korongoni mara nyingi haimnyeshei yeye.

Dalili zipo, ila ni za muda mfupi. Maji yaliyokuwa ya kijani yanapata wekundu wa tope. Vijiti na majani vinaanza kupita. Unasikia mngurumo kama lori linalopanda mlima. Hapo usirudi kuchukua begi, wala usikimbilie gari: panda juu, mahali palipo juu ya ule mstari niliowaambia. Na wenye magari, wadi ikishuka barabarani, yaani mafuriko yakikata njia, ngojeni. Aprili 2024 tuliwazika watoto wa shule waliochukuliwa na maji Samad al-Shan. Nchi nzima ililia. Sihitaji kuongeza neno.

Mimi na mume wangu tuna mapatano: mmoja wetu akisema turudi, tunarudi, hapana ubishi wala kuulizana sababu. Alasiri moja ya kiangazi niliona wingu linajenga juu ya kilele, nikasema turudi, na tulikuwa tumebakiza kidogo kufika. Tukageuka. Wadi haikushuka siku ile. Hakunilaumu, na mimi hadi leo nakiona kitendo kile ni katika mapenzi makubwa aliyonionyesha.

Sasa Wadi Ghul, chini ya Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Omani, takriban mita 3,000. Korongo lenyewe lina kina cha kama mita 1,000. Njia inaanzia kijiji cha Khitaym, inafuata ukingo wa jabali, upande mmoja ukuta na upande mwingine hewa tupu. Mbuzi wanapita kwa raha kuliko sisi. Ukiinama utaona magamba ya viumbe wa baharini ndani ya mawe, kwani mlima huu zamani za kale ulikuwa sakafu ya bahari.

Mwisho wa njia pana kijiji cha Sab, kimehamwa. Nyumba za mawe zimejibanza chini ya mwamba uliojitokeza kama paa. Mbele yake mashamba ya ngazi, kila ngazi imezuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono. Waliishije pale? Nyuma ya nyumba maji yanadondoka kutoka jabalini, nao waliyakinga. Mafuriko yanapita chini kabisa, hayawafikii. Tone la juu linawatosha. Yule aliyechagua kiwanja kile aliijua wadi kweli kweli.

Kabla ya kuingia wadi yoyote, msalimieni mkulima wa mlangoni, mwulizeni juu kumenyesha lini. Atawajibu, na aghalabu atawapa tende na kahawa. Sasa mume wangu atatandika ramani hapa mezani, sogeeni, mwenye swali aulize.