Nipo Rochdale, Uingereza: duka lililokataa kukopesha

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nipo Rochdale, jirani na Manchester, na hapa nyuma yangu ni Toad Lane, namba 31. Siku hizi ni makumbusho. Tarehe 21 Desemba 1844 lilifunguliwa hapa duka la ushirika, yaani linalomilikiwa na wanachama wake, lenye siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti (oats) na mishumaa. Basi, hakuna kingine!

Wanachama walioanzisha duka hili wengi walikuwa wafumaji na mafundi. Kila mmoja alitakiwa awe na hisa ya pauni moja, na ujira ulivyokuwa mdogo, walichangishana peni mbili kwa wiki, baadaye tatu. Mtaji ukafika pauni 28 hivi. Zama zile maduka yalichanganya unga na vitu vya ajabu, mizani ilipunjwa, na aliyenunua kwa mkopo alifungwa na deni kwa mwenye duka hata akiuziwa uchafu.

Wazo la ushirika halikuzaliwa hapa, tusidanganyane. Robert Owen, tajiri wa kiwanda cha pamba kule New Lanark, Scotland, alishalihubiri, akaenda mpaka Marekani kujenga kijiji cha ujamaa, kikavunjika. Daktari William King wa Brighton alichapisha gazeti lake la ushirika tangu 1828. Maduka ya namna hii yalishakuwepo mengi, hata hapa Rochdale, na mengi yalikufa. Moja ya sababu ni kukopesha.

Kwa hiyo hawa wakakaza: fedha taslimu tu. Hata ukiwa mwanachama, mkopo hakuna! Mimi naona hapo ndipo walipookoka, kuliko kwenye upendo na umoja tunaousifia sana. Ujanja wa pili ni faida. Hisa zililipwa riba yenye kikomo. Ziada iliyobaki ikagawanywa kwa kadiri mtu alivyonunua. Ukinunua mara mbili ya mwenzako, gawio lako mara mbili. Lakini kwenye mkutano, mwenye hisa nyingi na mwenye moja wote kura moja.

Na kina mama waliingia kwa majina yao wenyewe, wakati sheria ya nchi bado ilimpa mume mali ya mkewe. Bunge lilianza kuigusa sheria hiyo mwaka 1870, wenzetu hawa washatangulia miaka mingi.

Kufika 1863 vyama vya kaskazini vikaungana kununua bidhaa kwa jumla, wakalikwepa tabaka zima la madalali.

Sasa ninyi wa kahawa kule Kilimanjaro, na wa pamba Kanda ya Ziwa, malipo ya pili mnayajua, ile nyongeza ya chama baada ya mazao kuuzwa: unalipwa kwa kilo ulizopeleka. Hesabu yake ni ndugu wa hii ya Toad Lane, ila huku aliyelipwa ni mnunuzi. Niandikieni hapo chini, chama chenu kililipa mara ya mwisho lini? Haya, mlango umefunguliwa, twende ndani.