Ziwa ni Letu Sote, Ardhi Kila Mtu na Yake

Ndugu zangu, wazee wetu na vijana mliojaa huko nyuma, karibuni.

Nianze na sangara. Nchi zetu tatu za Ziwa Victoria, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, zilikubaliana asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50. Vizuri. Lakini sangara wa sentimita 30 akinaswa kwenye maji ya Uganda au Kenya, huku kwetu hatafikisha hizo 50, hata mvuvi wa Ukerewe awe mwadilifu namna gani. Taasisi ya pamoja ya uvuvi ipo Jinja tangu miaka ya 1990. Inashauri, inapima samaki, inaitisha vikao. Doria na faini ni za kila nchi kivyake. Mwaka 2017 Uganda iliingiza jeshi ziwani. Sisi tulikuwa na operesheni zetu, kwa namna yetu.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaosema nchi zisiiachie Jumuiya ya Afrika Mashariki madaraka yoyote. Madaraka gani unayolinda juu ya samaki aliyekwisha kuliwa?

Tupande Arusha. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999 na marais watatu, Mkapa, Moi na Museveni, na uamuzi wa Wakuu wa Nchi ni kwa maafikiano. Watatu wanaweza kuafikiana kabla chai haijapoa. Leo nchi ni nane, Kongo na Somalia zikiwemo, na mmoja akigoma jambo linalala. Kwa mambo ya ziwa mimi ningeweka kura, theluthi mbili itoshe, na anayeshindwa atii.

Ila orodha ya mambo hayo iwe fupi! Muungano wetu na Zanzibar mwaka 1964 ulianza na mambo 11. Sasa yako 22, na manung'uniko mengi ya Wazanzibari yako kwenye hayo yaliyoongezwa. Kwa hiyo jambo lisiongezwe mpaka bunge la kila nchi liliridhie, hata kama litachukua miaka.

Najua swali litakalokuja, maana nimelisikia Magu, nimelisikia Sengerema: na ardhi je? Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika mwaka 2010, imeiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Wapo majirani waliokasirika wakisema Watanzania tunavuta breki. Mimi breki hiyo naiunga mkono. Shamba la Magu halihami usiku kwenda Kisumu, basi liamuliwe na watu wa Magu.